Kaske za Madoadoa

Jumatatu, 17 Novemba 1975
Balaa! Shefu wetu, citoyen Assumani, ameniandikisha katika ngumi za sikukuu ya tarehe 24. Sababu: mimi ndiye mrefu kuliko makarani wote. Mpinzani ni koplo Lifoli wa kambi ya Kapalata. Nimewahi kumwona akibeba mfuko wa saruji kwa mkono mmoja, huku anakula ndizi. Kukataa? Watasema napinga sikukuu ya chama. Nikasema nimefurahi sana.

Jumanne, 18 Novemba
Nimepata! Nimemweleza shefu kwamba kaske ya kukinga kichwa iwe lazima kwa kila bondia. Nikazungumzia ubongo, kwa Kifaransa kirefu. Akasema bon, vema, wazo la kizalendo, nizitafute basi mwenyewe, mbili. Koplo alipita bilo, ofisini kwetu, akaniuliza: "Ndugu karani, ile iko kichwa ao iko yai?" Nikacheka pia. Ni busara kucheka.

Ijumaa, 21 Novemba
Papa Abdulhamid, fundi cherehani wa Kabondo, amekata godoro langu la sponji na kushona kaske mbili nene. Nimejigonga nayo ukutani. Sikusikia kitu! Imebaki kuzivika kitambaa. Ninalala mkekani, lakini ninalala.

Jumapili, 23 Novemba
Mungu wangu! Amezivika madoadoa ya chui! Kofia ya chui nchini humu ina mwenyewe, Mkubwa, Rais wetu, na picha yake imetundikwa juu ya kiti cha shefu. Nilimsihi papa Abdulhamid abadilishe. Akasema hana kitambaa kingine, na kwani chui amenikosea nini.

Jumatatu, 24 Novemba
Tumeingia ulingoni, chui wawili. Koplo akainua ngumi. Akatazama kichwa changu. Akatazama jukwaa la wakubwa. Akashusha. Kichwa chake mimi sikuthubutu hata kukielekea. Raundi zote tukazungukana kwa heshima. Miluzi! Sare! Nusura nimkumbatie. Kisha shefu, jasho likimtiririka, akaamuru turudiane kesho, vichwa wazi.

Jumanne, 25 Novemba
Ngumi moja tu. Tumboni! Kaske isingenisaidia kitu. Shefu amesifu jinsi nilivyoanguka bila kulalamika, ameniandikisha tena kwa Mwaka Mpya.
Sina wasiwasi. Kesho nitamshauri kwamba kinga ya tumbo iwe lazima. Nusu ya godoro bado ipo. Na safari hii kitambaa nimechagua mwenyewe: pagne ya chama, kitenge kile chenye sura ya Mkubwa katikati. Nani atathubutu kupiga pale?