Mkataba wa Dada

Jumatatu, 3 Machi
Mkuu wa kitivo kasema jarida la sheria linataka makala yenye mgogoro ulio hai, si nadharia tupu. Alipotamka "tupu" alinitazama mimi. Mwenzangu wa ofisini, ambaye wanafunzi humwita Tanbihi kwa sababu hata salamu yake ina maelezo ya chini, keshaanza kutafuta kiwanda chenye mgomo. Ahangaike tu. Mimi nafundisha sheria ya kazi, na nyumbani nina mfanyakazi asiye na mkataba! Dada kamlea mwanetu tangu anazaliwa. Nitamwandikia mkataba, tutofautiane kidogo, tusuluhishwe, niandike makala. Rahisi mno.

Jumanne, 4 Machi
Rasimu tayari. Kazi safi. Mwajiri ni "yeyote anayetoa maelekezo ya kila siku nyumbani". Mfanyakazi ni "yeyote anayeyafuata". Mgogoro utaamuliwa na msomi wa sheria asiyeishi humu, na uamuzi wake ni wa mwisho. Nimemsomea Dada jikoni kwa sauti ya mahakamani, naye anamenya viazi. Kufika kifungu cha kusitisha ajira, kisu kikasimama. Nikafurahi: mgogoro huo! Lakini akaendelea kumenya. Mgogoro wa kimya sijui unaandikwaje.

Jumatano, 5 Machi
Dada kaondoka asubuhi, kaenda kwa shangazi yake. Mke wangu anasema nimemfukuza. Nasema nimemlinda. Tumeelezana hadi nikachelewa darasani. Mtoto kaukataa uji wangu, kaukataa na wa mama yake, kakaa mlangoni kakumbatia kandambili ya Dada. Mwanafunzi kaniuliza: mfanyakazi akiondoka kabla ya kusaini, nani kavunja nini? Nikamwambia swali zuri. Nikampa liwe zoezi la nyumbani.

Alhamisi, 6 Machi
Nimemfuata Dada na nakala mpya na kalamu. Shangazi kanipa kiti, chai hakunipa. Nikaeleza kwamba kifungu cha kusitisha ni ngao ya mfanyakazi, nikataja na waandishi wawili wanaokubaliana nami. Dada alinisikiliza hadi mwisho.
"Kaka," akasema, "mimi nilidhani tunaishi. Kumbe wewe ulikuwa unapanga nitakavyotoka."
Nikakunja nakala yangu, nikaaga. Nimefika nyumbani ndipo nikakumbuka kalamu nimeisahau kwa shangazi. Labda ni uchovu.

Ijumaa, 7 Machi
Nimechezewa rafu na mkataba wangu mwenyewe. Mke wangu kaita msomi wa sheria asiyeishi humu. Kaingia Tanbihi, na mkoba wake! Dada naye kaitwa, kaja na shangazi. Tanbihi akauliza nani hutoa maelekezo nyumbani. Mke wangu hutoa. Dada hutoa pia: inua miguu nideki, usile cha mtoto. Mimi je? Wakatazamana. Uamuzi: kwa tafsiri ya mkataba, mfanyakazi humu ndani ni mmoja tu, nami ndiye, tena niko kwenye kipindi cha majaribio. Nikaomba kukata rufaa. Kifungu changu kinakataa.

Dada akacheka, akaziba mdomo. Kisha akasema atarudi, na mkataba anautaka kweli, ila auandike mke wangu, uwe na siku ya kupumzika, na mimi niusome kimyakimya. Mtoto kala bakuli zima mapajani mwake. Nimeshindwa kila hoja, lakini nilijikuta natabasamu. Sielewi kwa nini.

Jumatatu, 10 Machi
Makala imekubaliwa jaridani. Ya Tanbihi. Inaitwa "Mwajiri Aliyejiajiri". Mkuu wa kitivo kanishika bega, kasema huo ndio mgogoro ulio hai.

Nimekaa ofisini nikajiuliza nilikosea wapi, na nimegundua: mkataba ulikuwa mfupi mno. Mama mkwe anakuja kesho kukaa nasi. Rasimu ya mkataba wake imeshiba, kila neno limefafanuliwa. Nitamsomea palepale mlangoni, kabla hajatua mizigo.