Mfuniko wa Mama na Kichuguu cha Rogers

Jumapili, 8 Juni
Baridi. Ukungu mpaka mlangoni. Hapa kijijini kwetu, Mgeta, mtandao unashika sehemu moja tu: juu ya kichuguu kilichomo shambani kwa Rogers. Mungu angeweza kukiweka popote. Akakiweka kwa Rogers! Sasa Rogers ana kigoda chake pale, anapanga foleni, anaamua nani apande kwanza. Hata Theresia humwambia asante. Theresia ndiye ninayetaka kumuoa, jambo ambalo mpaka leo nimeliambia daftari hili tu.

Azimio: mtandao uhamie kwangu. Theresia atahamia nao.

Jumatatu, 9 Juni
Kuna video inayofundisha kuvuta mtandao kwa mlingoti na mfuniko wa sufuria. Kuitazama kunahitaji mtandao. Nikapanga foleni kwa Rogers. Upepo mkali, ikabidi nifungulie sauti yote. Rogers ameisikia mwanzo mpaka mwisho. Ameniuliza kama nina misumari. Nikasema sina. Akanipa ya kwake! Hiyo ndiyo jeuri ya mtu mwenye kichuguu.

Jumatano, 11 Juni
Mlingoti umesimama katikati ya njegere. Mwanzi mrefu, na juu yake mfuniko wa Mama. Mama amepika maharage bila mfuniko, yakaingia majivu. Ameniuliza mtandao una faida gani. Nikamweleza: bei za sokoni Dar, elimu, afya, mawasiliano. Akauliza hasara zake. Nikasema hazijaonekana bado. Akatema kipande cha mkaa.

Ijumaa, 13 Juni
Jana kwenye sala za jumuiya nilitangaza kwamba mtandao umehamia kwangu. Leo Theresia kaja wa kwanza! Akamwamkia Mama shikamoo, akaeleza shida yake: kuna mteja wa Dar anataka picha ya koliflawa kabla lori halijaondoka, la sivyo atanunua za mtu mwingine. Simu haikushika kitu. Nikamwambia asubiri, mfuniko bado haujazoea.

Akasubiri. Tukaongea. Tulicheka sana habari za katekista na mbuzi wake. Akasema ajabu hatujawahi kuongea hivi, maana kule kichuguuni kila mtu huinamia simu yake. Halafu akaniangalia. Mama alikuwa dirishani, anakohoa bila kikohozi.

Maneno sikuwa nayo. Nikamwomba asubiri kidogo, nikatimua mbio kwa Rogers kutafuta video ya maneno ya kumwambia mwanamke umpendaye. Rogers hakuwepo. Bahati iliyoje! Nikapanda. Video ikazunguka, ikazunguka. Ilipoanza kucheza nikaona watu wawili wanakuja: Rogers na Theresia. Kumbe Rogers alikwenda kwetu kuuliza kama misumari imetosha! Theresia akaniomba nisogee, nilikuwa nimeziba njia. Picha ikaenda papo hapo. Mteja akakubali. Rogers alikuwa anatabasamu kupita kiasi kwa koliflawa ambazo si zake.

Jumapili, 15 Juni
Jana mjomba wa Rogers alipeleka posa kwao Theresia. Imepokelewa. Nimemuuliza Rogers alimwambia Theresia nini Ijumaa ile. Amesema alimwambia tu kwamba anataka kumuoa. Basi! Bila maandalizi yoyote. Theresia naye, baada ya misa, ameniambia kwa upole kwamba alinisubiri mpaka miguu ikafa ganzi. Nimeumia.

Mama ameteremsha mfuniko wake. Amesema binti alikuwa amekaa palepale, na mdomo ninao. Mama hajaiona ile video ya mlingoti.

Jioni nimerudi kichuguuni kuitazama tena. Rogers amewaambia watu wanipishe nipande kwanza, na huruma yake imeniuma kuliko posa. Lakini safari hii nimetazama kwa makini, na kosa nimeliona. Mfuniko ulikuwa mdogo! Parokiani kuna sufuria kubwa, lile litakalopikiwa pilau ya harusi yao. Mfuniko wake unanitosha kabisa. Nitamwomba Rogers misumari mingine.