Jicho la Jirani

Jumatatu, 4 Machi

Mhariri mkuu hatimaye kastaafu. Kiti kiko wazi. Mkurugenzi ametuita wawili tu, mimi na Kamusi. Kila mmoja aandike mpango wa mfululizo mpya wa vitabu vya watoto, aueleze mbele yake Ijumaa. Atakayemridhisha atapewa ofisi yenye dirisha. Mwingine atabaki kwenye meza ya wasahihishaji, chini ya mwenzake.

Mimi, chini ya Kamusi! Mtu anayekula ndizi kwa uma. Wengine wanamwita Kamusi kwa heshima. Mimi namwita hivyo kwa sababu ni mzito na hakuna aliyewahi kumsikiliza mpaka mwisho.

Mchana amekuja mezani kwangu na karatasi zake. Akaomba niupitie mpango wake, naye ataupitia wangu, eti jicho la pili huona zaidi. Nimekataa. Anadhani sijui kwamba ule ni mpango wa kunizuga, na wa kweli kaufungia kwenye barua pepe zake? Kinachotolewa bure kina mtego ndani. Hilo hata mtoto analijua.

Kwa hiyo lazima nizisome barua pepe zake. Halafu ndipo niandike mpango wangu, uwe juu ya wake kwa kidole kimoja.

Jioni nimepata dawa mtandaoni. Ni programu inayoitwa Jicho la Jirani. Inasoma barua pepe za mtu yeyote bila mwenyewe kujua. Na ni bure! Imeniomba kwanza nizime programu ya kinga ya kompyuta yangu, ili isibughudhiwe kazini. Nimezima. Ikaleta masharti marefu kama wosia wa tajiri mwenye wake wengi. Nimebonyeza Nakubali. Nalipwa kusoma mchana kutwa. Siwezi kusoma na jioni kwa hisani.

Hakijafunguka kitu. Labda inajipanga.

Jumanne, 5 Machi

Kompyuta imekuwa nzito kama mtu aliyeamshwa afagie. Feni inanguruma. Matangazo ya dawa ya upara yananijia usoni, mimi mwenye nywele mpaka mabegani. Mshale unatembea wenyewe kwenye kioo huku mikono yangu iko magotini. Jicho la Jirani lenyewe halionekani popote. Nimelisakinisha upya, safari hii nikibonyeza kwa msisitizo.

Kazini kila mtu huja na kompyuta yake. Mkurugenzi huuita mpango huo uhuru. Kamusi kasimama nyuma yangu akasikiliza, kisha akaniuliza kwa sauti ya mtu aliyekuja kumwona mgonjwa:

"Dada, mbona inahema hivyo? Umeiwekea nini?"

Nikamjibu kwamba yangu imezoea kufanya kazi, si kama za watu wengine. Akasema pole. Pole!

Nimeketi nikafikiri sana. Ni yeye. Ameiingilia mashine yangu. Ni mtu wa namna gani huyu, wa kupekua kompyuta ya mwenzake?

Jumatano, 6 Machi

Nimeazima simu ya Mama, maana yangu ni ya kupiga na kupokea tu, nikajisomea. Nimeelewa kila kitu. Nilisoma chuo kikuu, si mchezo. Kilichomo ndani ya kompyuta yangu kinaitwa trojani. Kirusi cha kawaida hujisambaza chenyewe. Trojani hapigi hatua mpaka umfungulie. Huja amevaa nguo ya kitu unachokitaka, ukambeba mwenyewe mpaka ndani, ukamwekea kiti. Akishatulia hufungua mlango wa nyuma, huiba nywila, huwaita ndugu zake. Makala inasema wanaonaswa ni watu wenye tamaa na haraka. Nimewahurumia watu hao.

Nimemweleza Mama kwamba kuna mwizi kwenye kompyuta. Alikuwa anachambua mchele, hakuinua kichwa.

"Mwizi anavunja, mwanangu," akasema. "Huyo kaingia mlangoni. Nani kamwambia karibu?"

Mama hajui kompyuta.

Tiba yenyewe ni rahisi, na ya kwanza ni kukata mtandao papo hapo. Hapo ndipo nilipokwama. Nikikata mtandao, barua pepe za Kamusi zitapitia wapi? Huenda ziko njiani. Nimeamua kumvumilia trojani mpaka kesho. Mpango wangu nao unaweza kusubiri; jina lake nimeshaliandika. Jina zuri sana.

Alhamisi, 7 Machi

Aibu! Aibu ya mchana kweupe!

Trojani kawaandikia watu wote ninaowafahamu. Wote! Kwa jina langu na kwa anwani yangu: "Nimeipenda sana hii! Soma barua za wenzako bila wao kujua." Chini yake, mahali pa kubonyeza. Amepata mkurugenzi. Amepata mwalimu wangu wa zamani. Amepata Shangazi.

Shangazi kapiga simu kabla ya chai. Nilidhani anakuja kunisema. Kumbe analalamika kwamba amebonyeza mpaka kidole kinauma, na bado hajaziona barua za shemeji yake.

Nimeingia ofisini nikitazama viatu vyangu. Kimya. Ila si kimya hasa. Feni ya mhasibu inanguruma. Feni ya mchoraji inanguruma. Kwa wasahihishaji, mashine zote zinahema kama wazee waliopanda ngazi. Watu wanaolipwa kusoma mpaka nukta ya mwisho, na hakuna hata mmoja aliyesoma masharti! Ofisi ya wambea. Nimewadharau kutoka moyoni.

Mkurugenzi akaitisha kikao. Akauliza nani amefungua ujumbe ule. Hakuna mkono uliopanda. Akaanza kutueleza maana ya uaminifu, na nyuma yake, ukutani, ambapo projekta ilionyesha kioo cha kompyuta yake, mshale ukaanza kutembea taratibu, ukafungua tangazo la dawa ya upara. Akafunika kompyuta. Akasema jambo hili limeishia hapa, kila mtu akasafishe nyumba yake.

Mashine moja tu ilikuwa kimya. Kamusi alinifuata mlangoni.

"Mimi sikuugusa ule ujumbe, dada. Nilijua si wewe. Wewe huwezi kutuma kitu kama kile."

Dharau gani hii! Siwezi?

Jioni nimefanya yote kwa utaratibu. Nimekata mtandao. Nimewasha kompyuta katika hali salama, ile ya vitu vichache, nikaifuta programu, nikaiamsha kinga ipekue kila kona. Imekamata wengi, ila mmoja kila akifukuzwa anarudi kama mkwe mwenye njaa. Basi nimenakili maandishi yangu peke yake, bila programu hata moja, nikafuta mashine nzima, nikaweka mfumo upya. Nywila zote nimebadilisha kwa simu ya Mama. Imekuwa safi. Kimya. Nimejisifu.

Kisha nikafungua mpango wangu. Umo salama kabisa. Ni jina tu, na chini yake jina langu.

Ijumaa, 8 Machi

Nimeueleza mpango wangu kwa kulisoma jina lake polepole, kisha kulirudia kwa sauti nyingine. Mkurugenzi aliuliza kama kuna zaidi. Nikasema uzuri wake uko kwenye ufupi.

Kamusi akasimama na zile karatasi zake za Jumatatu. Zile zile! Hazikuwa za kunizuga. Na ukurasa wa mwisho akapendekeza kiti kikaliwe na wahariri wawili, yeye na mimi, maana yeye ana subira nami nina makali. Alitaka niuone kabla, akasema, ila nilikuwa na kazi.

Mkurugenzi akafurahi. Akanigeukia.

"Unakubali?"

Wote wananitazama. Kamusi anatabasamu kama mtu asiye na hila, na hapo ndipo nilipomgundua. Nani hugawa nusu ya kiti bure? Kitu chema, kimeletwa mpaka miguuni pangu, hakina bei. Mimi nimesoma kuhusu trojani! Nikasema sikubali.

Amepewa kiti kizima. Ameshika kichwa kama aliyefiwa. Mwigizaji!

Jumamosi, 9 Machi

Kamusi kapita nyumbani. Kaniletea programu nzuri ya kinga, ameinunua na ina nafasi ya mashine mbili, eti nyingine ni yangu. Mama kamkaribisha chai. Mimi nimekataa zawadi yake mlangoni. Sidanganyiki mara mbili.

Nimejitafutia mwenyewe mtandaoni. Inaitwa Sikio la Jirani. Inasikiliza yanayosemwa katika ofisi yoyote yenye dirisha. Ni bure, na ina adabu kuliko ile ya kwanza: imeniomba kinga iondolewe kabisa, tena imesema tafadhali.

Nakubali.