Furaha ya Asili Itaanza Saa Moja na Nusu

Wizara ya Urithi na Uchangamfu ilipenda kuutangazia umma kwamba furaha ya asili ya Waairishi ingefanyika Ijumaa, katika ukumbi wa kijiji cha Ros Dubh, kuanzia saa moja na nusu jioni hadi saa tatu kasorobo. Wananchi wote walitakiwa kuchangamka kwa hiari. Ambaye angekaidi angechukuliwa hatua.

Tangazo hilo lilitungwa na Fintan Clohessy, Mkurugenzi Msaidizi wa Uchangamfu, aliyeshuka kutoka Dublin na sweta nene la sufu ili afanane na watu wa pwani ya magharibi. Watu wenyewe walimpokea wakiwa na jaketi za nailoni. Fintan alikuwa na sababu ya kujipinda: kiti cha Mkurugenzi kilikuwa wazi, na Waziri alikuwa anakuja. Jioni ikienda sawa, kiti chake. Ikienda kombo, kulikuwa na nafasi katika Idara ya Mitaro.

Alasiri akakagua jukwaa. Akamkuta Máirtín Tom, mcheza dansi, ameung'oa mlango wa nyuma na kuulaza sakafuni, apige viatu juu yake kama walivyofanya babu zake.

"Rudisha. Mlango wa dharura haukanyagwi."

"Sasa moto ukizuka, bwana mkubwa, utapita upesi wapi? Penye mlango au penye tundu?"

Swali lilikuwa halijapitia ngazi husika. Fintan akamgeukia Baibín, bibi wa hadithi na nyimbo, ambaye tangu asubuhi alikuwa akiacha Kiairishi chake na kumsemesha Kiingereza, kama mtu anayemsogezea mgonjwa kiti.

"Mama, hadithi yako nimeipangia dakika nne."

"Nne! Mwana wa mfalme wangu atakuwa hajavaa hata viatu!"

"Avivae njiani. Na wakati wa wimbo, watu wasipige kelele. Ushangiliaji utafuata hotuba ya Waziri."

"Si ungetuambia mapema," akasema Máirtín. "Tungewaalika wa makaburini. Wale wana adabu zao."

Jioni ikaanza kwa wakati. Waziri akahutubia kwa Kiingereza, kwa kirefu, juu ya ulazima wa kukienzi Kiairishi. Akashangiliwa kwa mujibu wa ratiba. Fidla zikalia. Máirtín akacheza mikono imemlala ubavuni, miguu ikitukana kanuni zote. Mwana wa mfalme akaoa kabla hajatongoza. Fintan akapumua, kiti alikuwa ameshaanza kukisikia chini yake.

Ndipo Baibín akaimba. Alifumba macho, mpiga fidla akamshika mkono na kuuzungusha taratibu kufuata sauti, kama desturi ilivyo, na ukumbi ukasahau ratiba. "Mungu akuweke, Baibín!" "Tupe, mama, tupe!" Wimbo ulipokwisha, akafumbua macho.

"Aliyeimba ndiye humwita wa kumfuata," akasema, "na aliyeitwa hakatai. Hata ubeti mmoja, hata neno moja la Kiairishi, mpaka alitoe hakuna kinachoendelea. Namwita Waziri."

Fidla zikalazwa magotini. Waziri akatabasamu, akamwinamia Fintan.

"Niwakilishe. Na ole wako uniaibishe."

Fintan akapanda. Akachimba kichwani. Alikuwa amefundishwa Kiairishi miaka yote ya shule, kila siku ya Mungu, na kilichobaki kilikuwa sentensi moja, ile ambayo kila mtoto wa Ayalandi huishika mapema, maana bila hiyo darasani hatoki. Akaitoa:

"Mwalimu, naomba ruhusa niende chooni."

Furaha ya asili ikazuka nje kabisa ya muda wake. Watu walijipiga mapaja, walishikana mabega, kikongwe mmoja akateremka kitini taratibu kama gunia.

"Nenda, mwanangu," akasema Baibín, akijifuta machozi. "Ila ita kwanza wa kukufuata. Sasa haki ni yako."

Waziri alikuwa angali akitabasamu. Alisema kwa midomo tu, bila sauti, na Fintan, aliyezoea kuisoma midomo hiyo, akaelewa kila neno: "Mitaro. Jumatatu."

Fintan akakitazama kile kiti kikimtoka. Kisha kikamjia kitu ambacho Wizara ilikuwa haijakitolea mwongozo: akaona raha.

"Namwita Waziri," akasema, akashuka, akatoka zake nje.

Hakufika mbali. Alisimama ukutani penye upepo, akasikiliza. Ndani walikuwa wakimngoja Waziri. Watu wa Ros Dubh hungoja jua kwa miezi. Waziri hakuwa jambo la kuwachosha. Mwishowe mbao za jukwaa zikalia chini ya viatu vya bei kubwa, na Waziri wa Urithi na Uchangamfu, mwenye dhamana ya Kiairishi katika jamhuri nzima, akasafisha koo.

"Mwalimu," akaanza, "naomba ruhusa niende..."

"Keti," akasema Baibín. "Mwenzako hajarudi."