Mwangwi wa Kukodi

Jumatatu, 6 Septemba 1954

Balaa! Mwalimu Mkuu ametangaza kwamba Bwana Mkaguzi atapanda huku Meru Alhamisi, kutoka Arusha mjini. Atasikiliza somo moja tu la sayansi: langu, la mawimbi ya sauti. Likimpendeza, Darasa la Saba litabaki kwangu. Lisipompendeza, darasa atapewa Mwalimu Elinaza, nami nitakabidhiwa shamba la shule. Mimi! Mwenye cheti na jozi mbili za viatu vya ngozi! Kusimamia samadi!

Elinaza alinipa pole papo hapo, kabla sijashindwa. Ana tabia hiyo.

Nimeamua kumwonyesha Mkaguzi mwangwi. Kitabu kinasema sauti ikigonga kitu kigumu kilicho mbali kidogo, inarudi. Korongo tunalo, nyuma ya shule. Kazi kwisha.

Jumanne, 7 Septemba

Nimepiga kelele korongoni saa nzima. "Haloo" ishirini na tatu. Haikurudi hata moja. Akina mama waliokuwa wakichuma kahawa ng'ambo walidhani nimeumwa na nyoka, wakaja mbio na fimbo.

Elinaza akapita, akaniambia ng'ambo yote ni migomba na mibuni, na majani laini hunywa sauti, hayairudishi. Nilikohoa mpaka akaondoka. Mtu anayelimezea mate darasa langu, anifundishe mwangwi!

Ukweli nimeugundua mwenyewe. Mwangwi haupo. Waliouandika kitabuni bila shaka walikuwa na mtu ng'ambo. Basi na mimi nitaweka wangu.

Jumatano, 8 Septemba

Nimempata! Mjomba Sumari, kaka yake mama. Huyu akiimba besi kanisani, vioo vya madirisha vinatetemeka. Nilimwamkia, nikampa tumbaku, nikamwomba arudishe chochote atakachosikia, asiongeze wala asipunguze. Akauliza kama namwona yeye ni kasuku. Nikaongeza tumbaku. Akasema basi, atajaribu.

Tukafanya mazoezi. Nikapaza "Haloo," akarudisha "Haloo." Nikamwambia vizuri sana, Mjomba. Akanirudishia vizuri sana, Mjomba. Nikamwambia tumemaliza, twende nyumbani. Akarudisha na hilo. Ilibidi nivuke korongo nimshike mkono ndipo akanyamaza.

Hodari mno! Namhurumia Elinaza. Kidogo tu.

Alhamisi, 9 Septemba

Naandika nikiwa nimejifungia chumbani.

Bwana Mkaguzi alikuja na saa ya kupimia mbio za michezo. Hilo sikulitegemea. Lakini tulianza vizuri. Nilitikisa kamba ya kisima, wanafunzi wakaona wimbi linasafiri na kamba inabaki mahali pake. Mkaguzi akatikisa kichwa kwa kuridhika. Tukaenda korongoni, Mwalimu Mkuu na Elinaza nyuma yetu. Nikapaza: "Haloo!"

Kimya. Mkaguzi akatazama saa yake. Kimya. Kumbe Mjomba, kule alikojificha migombani, alikuwa anatafuta tumbaku mfukoni! Sekunde ya thelathini ndipo likaja "Haloo" zito, lenye kikohozi ndani yake.

Mkaguzi akapiga hesabu. Korongo lina yadi mia moja, kwenda na kurudi mia mbili, ambazo ni futi mia sita. Akasema kwa upole kwamba kwingine duniani sauti inakwenda kama futi elfu moja na mia moja kwa sekunde, lakini hapa Meru inakwenda futi ishirini, yaani mwendo wa baiskeli. Nikamweleza ni kwa sababu ya baridi ya mlima. Elinaza alitazama viatu vyake.

Laiti ingeishia hapo! Lakini Mkaguzi ni Mzungu anayejivunia Kiswahili chake. Akaweka viganja mdomoni, akapaza mwenyewe: "Shikamoo!"

Nikafumba macho. Mjomba ana miaka sabini. Tangu azaliwe hajaamkiwa na Mzungu. Leo ameamkiwa, halafu naye amrudishie shikamoo kijana wa miaka thelathini? Safari hii hakukawia.

"Marahaba, mwanangu! Hujambo? Mama hajambo? Ng'ombe wazima? Wewe una adabu kuliko mpwa wangu!"

Wanafunzi walianguka kwenye nyasi kwa kicheko. Mwalimu Mkuu alivua kofia, akaivaa tena. Mkaguzi akajibu, kwa sauti kubwa, kwamba mama yake hajambo.

Ijumaa, 10 Septemba

Nimekabidhiwa shamba. Majembe kumi na mawili, toroli moja, samadi tele. Nimelia nyuma ya banda la ng'ombe, sioni aibu kuandika. Nililipenda darasa lile.

Mjomba amekuja kuniambia yule Mzungu ni mtu mwema, na akija tena nisiache kumwita yeye Mjomba.

Jumatatu, 13 Septemba

Elinaza amewapeleka wanafunzi wangu uwanjani, mbele ya ukuta wa mawe wa kanisa. Mimi nilikuwa pale kwa bahati tu, nimechuchumaa nyuma ya toroli. Akagonga vibao viwili. Pa! Papo hapo ikarudi: pa! Akapaza "Haloo," ikarudi "Haloo," kwa sauti ileile ya Elinaza. Wanafunzi wakashangilia. Akawaambia ni ukuta mgumu unaorudisha mawimbi.

Ukuta! Nilijiziba mdomo nisicheke. Walipoondoka nilizunguka kanisa mara tatu, nikachungulia mnarani na chini ya kila benchi. Sikuona mtu. Lakini mimi sidanganyiki. Elinaza amepata mtu hodari ajabu: mwepesi, anaiga sauti yoyote, na haongezi neno lake hata moja.

Kesho nitarudi na toroli kumtafuta. Lazima aache kazi kwa Elinaza, aje kwangu.