Cheti Kilichozima Kifaransa Changu

Jamani, leo nimeumbuka kwa Kifaransa.

Naandika nikiwa nimekaa juu ya gunia, nyuma ya stoo, hapa Mwanga, Kigoma mjini. Ofisini sirudi kwanza. Nitaeleza.

Mnaonifahamu mnajua nafanya kazi kwa Mama Sifa. Kwa msiomfahamu, Mama Sifa ni mfanyabiashara wa dagaa. Anawanunua mwaloni Katonga wakiwa wakavu, anawaleta stoo, wanachambuliwa, wanapimwa, wanafungwa, wanasafiri. Tupo watatu. Mama mwenyewe, Asha wa mizani, na mimi, Ofisa wa Mawasiliano ya Kifaransa. (Cheo nilijipa, lakini Mama hakukataa.)

Sijui Kifaransa.

Ilikuwa hivi. Mwaka jana iliingia barua pepe kutoka Gitega, Burundi, ya mama mmoja anaitwa Madamu Esperansi. Anauliza habari za dagaa. Yote Kifaransa. Mama Sifa akaitazama, akasema, "Hii tumwachie Mungu."

Nikamwambia, "Niachie mimi, Mama."

Kwenye kivinjari cha kompyuta ya ofisi nilikuwa nimepachika kiendelezi. Ni kidude kidogo tu, kinakaa pembeni juu, ukikibonyeza kinafungua kisanduku. Andika Kiswahili popote, bonyeza, kisanduku kinatoa Kifaransa. Mweke mtu aongee Kifaransa karibu nacho, kinaandika Kiswahili. Dakika tatu, barua imejibiwa.

"Rama! Kifaransa umejifunzia wapi?"

"Nyumbani Ujiji, Mama. Majirani zetu asili yao ni Kongo."

(Majirani ni wa kweli. Ila Kiswahili wanaongea kunishinda mimi.)

Wiki iliyofuata nikanunuliwa kiti kinachozunguka. Ndugu zangu, mtu akishakalia kiti kinachozunguka, kusema ukweli kunakuwa kugumu.

Ili mambo yakolee, nikakigeuza kivinjari chote kiwe cha Kifaransa. Vitufe, maonyo, kila kitu. Mama akipita nyuma yangu anaona Kifaransa kitupu, anapunguza mwendo kwa heshima. Mimi vitufe nilivijua kwa mahali vilipo, kama unavyojua swichi ya taa chumbani kwako. Maneno yenyewe nilikuwa siyasomi. Ningeyasoma kwa lugha gani?

Basi, wiki hii Madamu akaandika kwamba anakuja Kigoma mwenyewe. Anataka auone mzigo kwa macho. Ukimpendeza, atachukua kila mwezi. Na sisi stoo imejaa hadi mlangoni, mvua zimeanza, na dagaa akishakula unyevu hana tena jina zuri. Mama Sifa alikuwa halali usiku.

Alikwenda kushona kitenge. Mimi nikaenda duka la dawa kununua ya tumbo.

Lakini mpango nilikuwa nao. Nitakaa nyuma ya kompyuta kama ninaandika kumbukumbu za kikao. Madamu akiongea, kiendelezi kinasikia, nasoma Kiswahili. Mama akijibu, naandika, nasoma Kifaransa kwa sauti. Salamu tu ndizo nilizokariri kichwani, siku tatu nzima, natembea mtaani kwetu Buzebazeba nikiongea peke yangu hadi mama mwenye nyumba akaniuliza kama nyumbani kwetu wazima.

Leo asubuhi nikawahi. Nikawasha kompyuta. Juu ya kivinjari ukatokea mstari wa njano, umejaa Kifaransa. Nikauona mzuri. Nikabonyeza alama ya kufunga, kama wanavyofanya watu wote wenye haraka duniani.

Kisha pembeni likatokea tangazo la dawa ya kuotesha nywele. Tangazo! Mimi nina kiendelezi kingine kinachozuia matangazo, nilikuwa sijaona tangazo tangu mwaka jana. Mwenye akili hapo angesimama ajiulize. Mimi nikajishika utosi. (Sina upara. Bado.)

Saa nne Madamu Esperansi akaingia. Mama mrefu, mpole, mkoba mkubwa, miwani imening'inia kwa mnyororo. Kiswahili chake ni "asante" na "bei gani", basi. Mama Sifa amesimama ndani ya kitenge kipya, ananitazama mimi.

Nikainuka.

"Bonjour, madame. Bienvenue à Kigoma. Nous sommes très heureux."

Asha aliacha kupima. Mama Sifa akafumba macho kidogo, kama mtu aliyeonja kitu kitamu. Madamu akatabasamu, akanipa mkono, akaketi. Kama ningekufa pale pale, ningezikwa na sifa zangu.

Sikufa.

Madamu akaanza kuongea. Nikabonyeza kidude kisikilize. Hakikuandika kitu. Nikabonyeza tena. Madamu anaongea, na anaongea kama maji ya bomba lililopasuka. Nikatikisa kichwa kwa busara. Kwenye maneno yote yale nikadaka moja, "certificat". Hilo hata kiziwi analijua.

Akanyamaza. Wote wananitazama.

"Anauliza cheti cha dagaa," nikasema.

"Vipo!" Mama akavitoa kwenye faili, akavilaza mezani, vipya, vina mihuri. "Mwambie vyote vipo, dagaa wamekaguliwa, na wasafi."

Nikaandika haraka, "Ndiyo, dagaa wetu wana cheti na ni salama." Nikabonyeza. Kisanduku kikafunguka, mahali pale pale kinapofungukia siku zote. Ndani kuna Kifaransa. Nikaliona neno "certificat". Nikaliona na "sécurité". Cheti! Usalama! Moyo ukatulia. Nikakohoa, nikasoma kwa sauti ya redio.

"Certificat périmé. Pour votre sécurité, tout a été désactivé."

Tabasamu la Madamu likafutika.

"Périmé?" akauliza, taratibu.

Mimi nina maneno matatu ya Kifaransa ninayoyaamini. "Oui" ni ndiyo. "Très" ni sana. Na "madame".

"Oui, madame," nikasema. "Très périmé."

Akavua miwani. Akanyoosha kidole kwenye magunia, akauliza kitu kingine, kifupi. Nikaona sasa amevutiwa na mzigo. Nikafungua mikono yote miwili kuonyesha stoo nzima, tangu mlangoni hadi ukutani.

"Tout, madame! Tout périmé!"

(Nililisoma "tout" kwenye kisanduku. Nikaona linafaa.)

Mama Sifa ananitikisia kichwa kwa furaha. Mimi namtikisia yeye. Madamu amesimama, anafunga mkoba.

"Vipi, ameridhika?" Mama akaniuliza.

"Ameridhika, Mama. Nadhani anakwenda benki."

Madamu alikuwa anakwenda mlangoni. Na akiwa anakwenda, akawa ananung'unika peke yake. Safari hii si Kifaransa. Ni Kirundi.

Mnajua Mama Sifa ni Muha wa wapi? Manyovu. Kutoka kwao hadi mpakani, mbuzi akikatika kamba analala Burundi. Kiha na Kirundi ni watoto wa tumbo moja. Watu hawa wawili wameandikiana Kifaransa mwaka mzima na hakuna aliyewahi hata siku moja kuuliza kama kuna njia ya mkato, kwa sababu katikati yao nilikaa mimi, nazunguka.

Nikaona sikio la Mama linasimama. Akasema kitu kwa Kiha. Kikali.

Madamu akageuka mlangoni kama aliyeitwa jina lake la utotoni. Akajibu kwa Kirundi. Mama akajibu. Madamu akarudi hatua mbili. Sauti zikapanda, zikapishana, mkono wa Madamu unaonyesha magunia, mkono wa Mama unaonyesha vyeti. Kisha mikono yote miwili ikanionyesha mimi.

Mimi ni mtu wa Ujiji. Tumekulia kwenye Kiswahili tu. Sikuelewa neno hata moja, lakini mwili wote ulielewa.

"Ramadhani."

Mama hajawahi kuniita jina zima.

"Naam, Mama."

"Umemwambia nini mgeni wangu?"

"Nimemwambia vyeti vipo, na dagaa ni salama."

"Yeye anasema umemwambia cheti kimekwisha muda. Na kwa usalama wake, kila kitu kimefungiwa. Amekuuliza kama ni kweli kimekwisha, ukasema ndiyo, kimekwisha sana."

Nikakitazama kisanduku.

"Amekuuliza ni dagaa gani wameharibika. Ukasema wote."

Asha akaketi juu ya mizani. Ilisoma kilo sitini na nane na hakujali.

Nikasema maneno ya mwisho ya mtu anayezama. "Mama, inategemea na lafudhi."

Madamu akazunguka meza, akavaa miwani yake, akainama kusoma kioo cha kompyuta yangu. Akasoma kisanduku. Akasoma na tangazo la nywele. Akanitazama utosini. Akarudi kwenye kisanduku, akakisoma tena polepole, halafu akamweleza Mama kwa Kirundi, na mabega yakaanza kumtikisika.

Mama akanitafsiria. Yeye hakucheka. Alisema taratibu, kama anayesoma tangazo la msiba.

"Anasema kilichokwisha muda ni cheti cha kompyuta. Kuna vidude humo ndani vimezimwa. Wewe ulikuwa unamsomea mgeni ugonjwa wa mashine."

Nikalifunga tangazo la nywele.

"Sasa hicho kidude kilichozimwa," Mama akasema, "ndicho kilikuwa kinajua Kifaransa?"

"Ndiyo, Mama."

"Na wewe ulikuwa unajua nini?"

Nilifikiria kwa uaminifu kabisa. "Kukibonyeza, Mama."

Akanikazia macho. Kisha akaitazama stoo, akamtazama mgeni, na nikaona anaamua ni jambo gani la kushughulikia kwanza. Nashukuru sikuwa mimi. Akamshika Madamu mkono, akampeleka kwenye magunia, akafungua moja. Madamu akachota dagaa, akawanusa, akavunja mmoja, akatafuna kwa makini huku ametazama dari. Akasema, "Ego."

Hilo nililielewa. Ni ndiyo.

Wakakaa kwenye viti vya plastiki wakaongea saa nzima. Bei, magunia, usafiri, watoto, magoti. Walikuwa wanapigana viganja kama watu waliosoma darasa moja. Mimi niliambiwa nikachemshe chai. Niliporudi nayo Asha alikuwa kwenye kiti changu, anazunguka. Madamu akanipokea kikombe, akaniambia kwa sauti ya upole kabisa, "Merci." Nikainamisha kichwa tu. Sikutaka kuharibu.

Mzigo amechukua. Na wa mwezi ujao ameagiza. Mama alipomsindikiza, nikaja huku nyuma nikampigia Hamisi, fundi wa kompyuta hapa hapa Mwanga.

"Tulia," Hamisi akasema. "Si kwako tu. Hao wenye kivinjari wameacha cheti chao cha usalama kikapitwa na muda. Kila kiendelezi kinakaguliwa kwa cheti hicho. Cheti kikifa, kivinjari hakiamini tena kiendelezi chochote, kinavizima vyote. Leo ni dunia nzima."

Nikapata faraja. "Kwa hiyo leo dunia nzima wameumbuka?"

"Hapana," akasema. "Dunia nzima viendelezi vimezimwa. Kuumbuka ni wewe."

Mama amerudi sasa hivi. Amenikuta hapa juu ya gunia. Nikasimama nikamwambia, "Mama, nisamehe. Nilidanganya siku ya kwanza, halafu kila siku nikawa naona aibu kuanza kusema kweli." Nilisema hivyo hivyo, bila kisanduku.

"Ungeniambia una kidude kinachojua Kifaransa," akasema, "ningekinunulia kiti hicho hicho."

Kazi sijafukuzwa. Kesho alfajiri naenda Katonga kugeuza dagaa juani, na jioni Mama ananifundisha Kiha, maneno kumi kwa siku, na kuna mtihani.

Haya, nimemaliza. Najua mnacheka. Naomba tu mcheke kwa Kiswahili, kwa sasa lugha nyingine sina.