Foleni Iliyohamia Kibandani Kwangu

Jumatatu, 4 Agosti 2025

Tangazo kwa geti la hospitali. Nimelisoma mara tatu, mara ya pili kwa sauti ili Syokau asikie. Hospitali yetu hapa Ruiru imeingia ubia na kampuni binafsi. Kampuni italeta mashine ya eksirei, hospitali itatoa chumba, stima na wagonjwa. Hakuna tena kwenda hadi Thika kupigwa picha ya kifua. Vizuri sana. Chini, kwa herufi ndogo: wauza chakula getini wataacha biashara, mmoja tu atapewa kantini ndani, naye ataitwa mbia. Kamati itapita Alhamisi saa mbili asubuhi kuona nani anahudumia watu wengi.

Wauza chakula getini ni wawili. Mimi nina kibanda cha mabati, benchi sita, chai na mandazi. Syokau ana ndoo ya uji na mwavuli. Wateja wake leo: kumi na wanane. Wangu: Mzee Makau, aliyekuja kuomba kivuli.

Nimemwambia mke wangu, Safaa, kwamba karibuni ataitwa mke wa mbia. Akauliza kama huyo mbia naye hupika mandazi magumu.

Jumanne, 5 Agosti

Mkakati wa kwanza: elimu ya afya. Nimewatangazia wateja wa Syokau kwamba uji wa wimbi hupandisha presha. Mama mmoja akanikagua kuanzia viatu hadi kofia. "Na chai yako, baba, hupandisha nini? Hata mvuke haipandishi!" Haiya, wakacheka mpaka mlinzi akaja kuona. Syokau hakucheka. Alinimiminia kikombe, akasema, "Kunywa, jirani, umekonda na mawazo." Nikakataa. Baadaye nikakinywa. Uji mzuri kabisa. Nimekasirika.

Jumatano, 6 Agosti

Nimekaa nikiangalia kliniki ya presha. Wagonjwa hufika alfajiri, kila mmoja na kitabu chake cha hospitali, yaani daftari la shule. Anakiweka kwenye benchi la veranda nyuma ya cha aliyemtangulia, kisha anaenda zake. Anaota jua. Anakunywa uji. Hakuna anayesimama. Kitabu ndicho kinachopanga foleni, mtu anafuata tu.

Sasa, je, vitabu vikisogea mita arobaini?

Nimemwambia Safaa akande unga wa mandazi ya watu hamsini. Akauliza watatoka wapi. Nikamwambia asiharibu siri kwa maswali.

Alhamisi, 7 Agosti

Saa moja na dakika arobaini. Mlinzi alikuwa anafungulia gari la oksijeni. Nikabeba vitabu arobaini na viwili kwa trei, nikavipanga kwenye benchi zangu, wa kwanza akabaki wa kwanza. Mimi si mwizi.

Kisha nikapiga kelele kidogo. "Foleni imehamia kwa Tahir! Kimbieni!" Hakuna aliyeuliza kwa nini. Hawa ni watu waliozoea kuambiwa nenda dirisha namba tatu, sasa nenda chumba namba tisa, sasa rudi kesho. Walihama tu. Waliokuwa na uji waliweka vikombe chini, wakaja mbio kulinda nafasi. Syokau alibaki na mwavuli.

Saa mbili kamili kamati ikafika: Daktari Githae, mkuu wa hospitali, na bwana wa kampuni. Nikawaonyesha kwa mkono. Wateja wangu, nikasema, wa kila siku. Bwana wa kampuni akapiga picha.

Hapo akatokea Sista Mourine wa kliniki, mashine ya presha mkononi, akitafuta wagonjwa wake. Nilidhani nimekwisha. Akaokota kitabu cha kwanza, akaita jina, akapima palepale. Akasema, daktari, hapa kuna kivuli, kule veranda jua linawapandishia presha kabla sijawagusa. Akaita wa pili. Akaniomba nisogeze sufuria, zinambana.

Daktari Githae aliandika mengi. Mandazi yaliyouzwa: moja. Mzee Makau amelirudisha.

Ijumaa, 8 Agosti

Matokeo yamebandikwa. MIMI NI MBIA! Jina langu kamili, na muhuri.

Nimesoma iliyobaki. Hospitali inatoa wagonjwa na Sista, mimi natoa kibanda na benchi. Kuanzia Jumatatu kwangu ni mahali rasmi pa kusubiria kliniki. Kwa ajili ya usafi, ni marufuku kupika au kuuza chakula humo. Kantini amepewa Syokau, kwani watu arobaini wakisubiri lazima wale mahali.

Nimemwendea Daktari Githae. Mimi napata nini? Akanishika bega. "Ubia ni hivyo, Tahir. Kila mtu analeta alicho nacho. Wewe una kivuli." Syokau naye amenipita na ndoo. "Mbia wangu! Karibu kantini, usione aibu."

Safaa ameandikwa kazi kantini. Atapika mandazi.

Jumamosi, 9 Agosti

Nimetafakari kwa kina. Mpango ulikuwa sawa. Kosa lilikuwa kliniki niliyochagua. Wagonjwa wa presha wanapimika popote.

Nimezunguka nyuma ya maabara. Kule hawatumii vitabu kabisa. Wanapanga vikopo vya mkojo kwenye rafu nje ya dirisha, kisha wanaenda kuota jua. Kutoka hapo hadi mlango wa kantini ni hatua kumi na mbili. Na kantini iliyojaa mkojo haiwezi kuuza uji. Watatafuta mbia mwingine haraka.

Nimeazima kreti la soda. Linachukua vikopo ishirini na vinne. Nimelijaribu kwa chai, kwa mwendo wa kasi. Halijamwaga hata tone.